Mkwe Aliyetazama Ukuta

Daktari Jacktone Osewe alikuwa na miguu isiyotulia. Ukimpa chai angeinuka katikati ya kikombe akachungulie dirishani, arudi, ashike funguo za gari, aziweke mezani, azishike tena. Wauguzi wa Migori walisema daktari huyu ana siafu kwenye soksi. Siku nyingi za wiki alikuwa Migori, Jumatano alikuwa Homa Bay, na siku zilizobaki alikuwa popote simu ilipomwita, kwa maana huku kote hakukuwa na mwingine aliyesomea kazi yake.

Kazi yenyewe tuitaje sasa hivi, tusije tukaoneana haya mbele ya safari: alikuwa mpasuaji wa utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Basi. Wapo madaktari wa moyo na wa ubongo, ambao wakitajwa harusini watu hupiga makofi. Huyu wetu akitajwa, watu hukohoa. Wenzake aliosoma nao Nairobi walimwuliza kama nafasi nyingine zote zilikuwa zimejaa. Mama yake huko Kisegi, aliyemlipia karo kwa kukaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aina ya mbuta baada ya minofu kutolewa, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza, "Yaani ulipanda ndege mpaka Cape Town kusomea hiyo?"

Watu walipotaka kujua sababu, alimpa kila mmoja jibu lake. Ukweli ni kwamba alipokuwa daktari mwanafunzi pale Migori, aliletwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Ogwedhi, tumbo limefura na kukaza kama ngoma, utumbo umejisokota, watoto wameshaanza kulilia wosia. Daktari mkubwa wa zamu hakushika kisu. Alimlaza mzee ubavu, akaingiza mpira kutoka nyuma taratibu, na upepo ukatoka kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye foleni ya dawa. Tumbo likashuka wakiliona. Mzee akafumbua macho, akacheka, akaomba uji. Jacktone alikuwa ameshuhudia vifo mwezi mzima, na sasa kwa mara ya kwanza akaona mtu akifufuka kwa ushuzi. Siku hiyo hiyo alijua atasomea nini, na hakuwahi kujuta.

Swali lake la kwanza kwa mgonjwa lilikuwa moja daima: choo kina damu? Aliwauliza machifu na mapadri, akawauliza wazee wa kanisa waliokuja na suti na tai wakidai ni mgongo tu unaowauma. Mtu akijikunja kwa aibu, Jacktone alingoja huku akizungusha kalamu, kisha akauliza tena kwa sauti ile ile. Alikuwa hodari sana wa swali hilo. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumwuliza, naye alikuwa mama mkwe wake.

Kwa Waluo, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawakai karibu, hawalali chini ya paa moja, na habari za mwili hazipiti kati yao hata kwa mafumbo. Mkwe kuona uchi wa mama mkwe ni jambo ambalo hata mlevi halifanyii mzaha, kwa kuwa linasemwa kuleta chira, laana inayomkondesha mtu mpaka aishe. Unaweza kusoma hadi vitabu vikakuogopa, lakini adabu hii umenyonya pamoja na maziwa, na huitoi kwa cheti.

Ndiyo maana siku alipokwenda kumposa Trizah nyumbani kwao kule Ndhiwa, wazee walipouliza kijana huyu anatibu nini hasa, Mjomba Gordon, msemaji wa upande wa Jacktone, alikwama. Mjomba huyu hakuwahi kuishiwa maneno hata matangani, lakini siku hiyo alitazama mabati, akatazama viatu vyake, akajikuna sikio. Hatimaye akasema, "Anapasua watu." Wazee wakaridhika. Mama Benta, mama yake Trizah, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, akaridhika kuwashinda wote.

Tangu hapo akawa anamletea wagonjwa. Kutoka Ndhiwa walikuja wenye miguu iliyovunjika, wenye tezi shingoni, na siku moja mtoto aliyejipachika harage sikioni, kila mmoja na salamu za Mama Benta muuza mtama. Jacktone aliwapokea wote, akawapeleka kwa wahusika, asiseme neno. Angemsahihishaje? Angeanzia wapi?

Mwaka uliotangulia mkasa huu, Trizah, ambaye alikuwa mwalimu hapo Migori, alisema wakila ugali, "Baba Liz, Mama anasema tumbo linamsumbua. Anakonda pia."

"Ni vidonda vya tumbo?"

"Yeye anasema hivyo."

"Hebu mwulize kama..." Jacktone akaanza, kisha akamega tonge jingine. Trizah alijua swali lililokuwa likija. Aliinuka akaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Akampelekea vidonge vya kutuliza asidi kwa mkono wa mkewe. Vilipokwisha, akapeleka vingine. Mgonjwa yeyote mwingine wa umri ule, aliyekonda vile, Jacktone angemlaza kitandani na kumpima kabla hajamaliza kueleza alikotoka. Huyu alimtibu kwa kubahatisha, kwa heshima, na kwa vidonge vya dukani, na akajiambia kwamba amefanya wajibu wake.

Simu ilimkuta kliniki Migori, asubuhi ya Alhamisi. Aliyepiga alikuwa Daktari Joyline Kemuma, mpasuaji kijana wa hospitali moja ya misheni Homa Bay, ambaye Jacktone alikuwa akimfundisha kazi yake kila Jumatano.

"Daktari, kuna mama ameletwa kutoka Ndhiwa," Joyline alisema. "Tumbo limefura, anatapika, hajaenda choo kwa siku kadhaa. Picha inaonyesha utumbo umeziba chini, upande wa kushoto. Ameniambia amekuwa akitoa damu zaidi ya mwaka."

"Mwekee dripu na mpira wa pua. Unangoja nini?"

"Nimeshaweka. Jina ni Benta Achieng'. Anasema wewe ni mkwe wake. Anasema pia usikuje."

Jacktone alisimama, akaketi, akasimama tena. Damu zaidi ya mwaka. Alimwacha mgonjwa na muuguzi, akampitia Trizah shuleni, wakashika barabara ya Rongo. Aliendesha vibaya, akiyapita malori ya miwa mahali pasipofaa kupitwa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Trizah hakumwambia apunguze mwendo.

Walipopita Rodi Kopany ndipo Trizah aliposema, "Ulikuwa unataka nimwulize."

"Ndiyo."

"Na mimi nilijua ni nini. Nikaenda kuleta maji."

"Ningeweza kurudia."

"Hukurudia," Trizah alisema, akageukia dirisha akalia. Jacktone alitamani amshike mkono, lakini mkono wake ulikuwa ukibadilisha gia bila sababu, juu, chini, juu tena.

Hospitalini hakuruhusiwa kuingia wodini. Mwenye kumzuia alikuwa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo Jacktone akabaki kwenye korido nje ya pazia, akitembea kutoka mlango wa stoo hadi kwenye sinki na kurudi, huku Joyline akiingia na kutoka na maneno ya pande mbili, mithili ya mshenga. Joyline ni Mkisii. Hakuwa na shida na mkwe wa mtu yeyote, lakini alikuwa na akili ya kutosha kutocheka.

"Tumpeleke Kisumu, kwa mpasuaji mwingine?" Jacktone alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Ukiona picha utaacha kuuliza. Utumbo wa kulia umevimba karibu kupasuka. Akipasukia njiani, tunampoteza."

Jacktone aliiona picha, akaacha kuuliza. Joyline akarudi ndani, na kupitia pazia kila neno likasikika.

"Mama, ni lazima tufanye upasuaji leo."

"Fanya, binti yangu," Mama Benta alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, sauti imechoka. "Wewe ni mwanamke. Nimekubali."

"Hii ni ngumu, mama. Sijawahi kuifanya peke yangu. Nataka mwalimu wangu akuwe ndani."

"Mwalimu wako ni nani?"

Kwenye korido Jacktone alishika ukingo wa sinki.

"Ni mkwe wako, mama. Hii ndiyo kazi yake."

"Kupasua?"

"Kupasua hapa. Utumbo, mpaka kule nyuma. Wenye kutoa damu kama wewe ndio wagonjwa wake. Watu wanatoka mbali kumtafuta."

Trizah, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda cha mama yake, akamwekea mto sawa. Hatimaye Mama Benta akasema kwa Dholuo, si kwa Joyline wala kwa binti yake, "Kazi yake ni hii hasa?" Akarudi kwenye Kiswahili. "Aingie basi. Lakini atazame ukuta. Asigeuke."

Ndivyo ilivyofanyika. Jacktone alinawa mpaka viwiko, akavaa kofia, barakoa, joho na glavu, tayari kabisa kwa upasuaji, kisha akasimama akiupa ukuta wa kijani uso kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Okari, mtaalamu wa nusukaputi, alimtazama, akatazama ukuta, akasema, "Daktari, wangekuwekea hata kalenda." Hakuna aliyecheka, na Okari mwenyewe akajuta.

Joyline alipasua. Jacktone alimwongoza kwa mdomo na masikio. Alisikia koleo zikigonga sinia, alisikia mashine ikivuta maji, akajua amefika wapi. "Umeuona uvimbe? Umeshikana na nini? Sawa. Anza pembeni, fuata ule mstari mweupe. Usiharakishe. Mrija wa mkojo uko wapi? Mwonyeshe muuguzi, akuthibitishie." Vidole vyake vilikuwa vikifanya kila tendo hewani, mbele ya ukuta, vikifunga nyuzi ambazo hazikuwepo. Hakuna kitu kilichowahi kumtesa namna ile. Kazi aliyoijua kuliko jina lake ilikuwa ikifanyika nyuma ya mgongo wake, juu ya mtu ambaye yeye angemfanyia lolote, naye anahesabiwa kuwa amefanya vyema kwa sababu hageuki.

"Nafunga mshipa mkubwa," Joyline alisema.

"Funga mara mbili."

"Nimefunga." Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti nyingine kabisa, "Uzi umeteleza. Daktari, uzi umeteleza, sioni kitu, imejaa damu."

"Bonyeza. Bonyeza kwa kitambaa."

"Nabonyeza. Inakuja."

"Presha inashuka," Okari alisema.

Jacktone aligeuka.

Hakufikiri, na baadaye hakujidanganya kuwa alifikiri. Alifika mezani, mkono wake ukashuka ndani ya damu, ukapapasa, ukaubana mshipa kati ya vidole viwili dhidi ya uti wa mgongo. Damu ikatulia. Joyline akavuta maji, akaona, akaweka koleo, akafunga tena, safari hii akafunga mara tatu. Okari akasema presha inapanda. Mtu fulani akapumua kwa nguvu, na Jacktone akagundua ni yeye.

Hapo ndipo mkono wake ulipofanya kile ambacho mikono ya wapasuaji wote wa namna yake hufanya kwa mazoea. Ulipanda juu, chini ya mbavu za kulia, ukapita juu ya ini. Joyline hakuwa amefika huko, kwa kuwa utumbo uliovimba ulikuwa umemzibia njia. Ini lilipaswa kuwa laini. Vidole vilikuta kibonge kigumu, kisha kingine, kisha vingi upande wa pili. Saratani ilikuwa imeshahama.

Alimtazama Joyline, naye akaelewa kabla hajaambiwa. Wakaumaliza upasuaji pamoja, wakautoa uvimbe, wakatoboa tundu la choo tumboni na kulifunika kwa mfuko. Jacktone alishona ngozi mwenyewe, kwa mishono midogo mizuri ambayo haikuwa na haja ya kuwa mizuri vile.

Mama Benta alizinduka. Alipouliza, Joyline alimwambia mkwe wake hakugeuka. Trizah naye alimwambia hakugeuka. Mjomba Gordon alipiga simu kutoka Kisegi kusema kwamba hata kama aligeuka, hakugeuka, na mambo yaishie hapo, na yeye atazungumza na wazee kimya kimya. Wote waliafikiana vizuri. Kuhusu ini walisema mama apate nguvu kwanza ndipo aambiwe.

Jacktone hakuingia wodini. Kila siku kliniki ikiisha aliendesha kutoka Migori hadi Homa Bay, akasimama koridoni, akamwuliza Joyline kuhusu mkojo, homa na mfuko, kisha akarudi. Nyumbani alizunguka uani mpaka Liz, binti yao, akamwuliza kama amepoteza kitu. Mjini alianza kusahau alikoegesha gari. Wagonjwa wake aliwauliza lile swali lake la siku zote, na sasa akawa analisema haraka haraka ili limtoke.

Siku ambayo Mama Benta alikunywa uji wake wa kwanza wenye maziwa, alimtuma muuguzi amwite yule mwanamume anayetembea nje.

Jacktone aliingia, akasimama karibu na mlango, macho yakiwa kwenye dripu. Mama Benta alikuwa ameegemezwa mito. Uso ulikuwa umebaki mifupa, lakini kilemba alikuwa amekifunga sawasawa. Alimsemesha kwa Dholuo, lugha yao.

"Ora," alisema, yaani mkwe wangu, "daktari anasema hukugeuka. Trizah anasema hukugeuka. Maneno ni yale yale, hata pumzi wanavuta mahali pamoja. Nimeuza mtama miaka mingi. Watu wakinitajia bei moja bila kupishana, najua wamekutana pembeni. Uligeuka?"

Angeweza kusema hapana. Kila mtu alikuwa amemtayarishia hiyo hapana, kazi yake ilikuwa kuiokota tu.

"Niligeuka, mama."

Mama Benta alivuta shuka mpaka shingoni. Alifumba macho, midomo ikacheza, na Jacktone hakujua kama ni sala au ni matusi. Alipoyafumbua alikuwa na hasira, hasira ya wazi, ya mtu mwenye haki nayo.

"Basi imekwisha. Umeshaona. Huwezi kurudi ukaacha kuona. Sasa niambie uliona nini."

"Daktari Joyline atakuja akueleze vizu..."

"Sikumwuliza Joyline. Ni wewe uliyeona."

Jacktone akamwambia. Alimwambia uvimbe ulikuwa utumboni na wameutoa, kwamba ni kansa, na kwamba imefika kwenye ini na huko hawakuweza kuitoa. Aliyasema kwa Dholuo, lugha ambayo hakuwahi kuitumia kwa maneno hayo mbele ya mtu wa rika la mama huyo, na kila neno lilitoka likiwa uchi.

"Na ile damu?"

"Ndiyo ilikuwa dalili."

"Ningekuja ilipoanza?"

"Pengine ungepona, mama. Wengi hupona."

"Ningekuja kwa nani?"

Mama Benta akaendelea mwenyewe, polepole.

"Krismasi iliyopita ulikuja kwangu. Ulikaa sebuleni na mtoto. Nilitoka chooni nyuma ya nyumba, damu imenishuka mguuni, nikaosha kwa maji waliyowekewa kuku, nikabadilisha rinda, nikaja mlangoni kuwakaribisha chakula. Nilikuwa namwomba Mungu anitumie mtu anayejua ugonjwa huu. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, unakula."

Jacktone alilia. Alilia amesimama, mikono mfukoni, mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo nalo halifanywi. Mama Benta hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia amemsamehe. Alimwacha mpaka alipofika mwisho mwenyewe na kujipangusa kwa mkono wa koti.

"Trizah alijua unatibu nini?" akauliza.

"Alijua."

"Mama yako?"

"Alijua."

"Gordon alijua, bila shaka. Nyote." Alitikisa kichwa kidogo juu ya mto. "Nimebaki na muda gani?"

Swali hilo Jacktone alikuwa ameulizwa mara nyingi, na alikuwa na njia zake za kulizunguka, za upole, alizofundishwa na nyingine alizojibunia. Hakutumia hata moja. Alimwambia anavyodhani, akamwambia pia mahali asipokuwa na hakika, na kwamba dawa zipo za kusogeza mbele lakini si za kuondoa. Mama Benta alisikiliza akitingisha kidole kimoja juu ya shuka, kama anayepima kitu.

"Sawa," alisema. "Mwite Trizah aje. Na wewe usimwambie chochote huko nje, nitamwambia mimi. Nyinyi hamjui kusema."

Jacktone akatoka kwenda kumwita.